Nyandarua Ndani ya Mtungi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla makanga hawajaanza kuita abiria kwenye steji ya Kawangware, mikokoteni ya maji imekwisha toka. Kila mmoja umebeba mitungi ya manjano ya lita 20 iliyopangwa safu kwa safu, na mtungi uliopoteza kifuniko umezibwa mdomo kwa gunzi la mahindi. Kijana anayesukuma anajua mlango upi unahitaji mitungi miwili, upi minne, na mama yupi wa kibanda cha chai hawezi kuwasha jiko kabla hajafikiwa. Mifereji ikiwa na maji, mtungi ni shilingi 5 au 10. Mgao ukikaza, bei hupanda hadi 20, 30, hata 50. "Leo ni ngapi, kijana wangu?" mteja huuliza, na jibu ndilo huamua kama sare za shule zitafuliwa leo au zitangoja.

Bei hiyo huanzia mbali. Kaskazini mwa jiji, kwenye safu ya Nyandarua ambayo Waingereza waliipa jina la Aberdare, ndiko yanakozaliwa maji mengi ya Nairobi. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 huko Gatanga katika Kaunti ya Murang'a, linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na hulishwa na mito mitatu inayoshuka kutoka msituni: Thika, Githika na Kayuyu. Bwawa la Sasumua, la miaka ya 1950, liko Kinangop Kusini, kwenye safu hiyohiyo. Mabwawa haya yakipungua, Nairobi nzima hupata kiu, ila si kwa kipimo kimoja. Mwenye tangi la lita 10,000 juu ya paa huweza kumaliza wiki nzima bila kujua kwamba mgao umeanza. Mkazi wa Gatina kule Kawangware, au wa Laini Saba kule Kibera, hujua siku hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo, suala la wanyama na misitu ya mlimani, ambalo tumezoea kuwaachia wataalamu, watalii na wakulima wa huko juu, ni suala la Kibera na Kawangware pia. Mitaa hii iko mwisho wa mkondo wa mlima. Inalipa bei kubwa kuliko mingine mlima unapoharibika, lakini haina kiti pale mambo ya mlima yanapoamuliwa. Nitajaribu kuonyesha hapa jinsi mnyororo huo wa mlima na mtaa ulivyoungana, wapi umekatika, na kwa nini uhifadhi usiowahesabu watu wa mtungi hauwezi kudumu.

Mlima wenye ghorofa

Nyandarua hufikia karibu mita 4,000 kwenye kilele cha Satima upande wa kaskazini, na mita 3,906 kwenye kilele cha Kinangop upande wa kusini. Ukipanda kutoka mashamba ya chai ya Murang'a, msitu hubadilika kama jengo la ghorofa, kila ghorofa na wapangaji wake.

Chini, upande wa mashariki unaopata mvua nyingi, kuna miti mikubwa ambayo Wakikuyu huiita muthaiti na muthengera. Upande wa magharibi, ulio mkavu zaidi, kuna mitarakwa na mizeituni mwitu. Humo huishi mbega wenye mkia mrefu mweupe, kima, pongo, nguruwe wakubwa weusi wa msituni, chui na ndovu. Juu yake huja ukanda wa mianzi, mzito kiasi kwamba mtu humsikia mnyama bila kumwona. Baada ya mianzi kuna miti ya mumondo iliyoning'iniza ndevu za kijivu za kuvumwani, kisha nyanda za baridi zilizo wazi, zenye lobelia na senesio ndefu kuliko mtu. Huko juu hupatikana mondo, wengine weusi tititi kwa kuzaliwa, na ndege mdogo wa nyasi aitwaye kisayansi Cisticola aberdare, ambaye haonekani nje ya nyanda za juu za Kenya.

Mpangaji adimu kuliko wote ni bongo wa mlimani. Ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, mwili wake rangi ya udongo mwekundu uliochorwa mistari myeupe ya kushuka ubavuni, na dume na jike wote wana pembe. Duniani kote, bongo huyu anaishi mwituni nchini Kenya pekee, katika misitu ya Nyandarua, Mlima Kenya, Eburu na Mau, na waliobaki hawafiki 100. Wengine wengi wamezaliwa katika bustani za wanyama za Marekani na Ulaya, kutokana na wazazi waliokamatwa hapa zamani. Mwaka 2004 bongo 18 walirejeshwa Kenya kwa ndege kutoka Marekani. Mwaka 2022 ikafunguliwa hifadhi ya Mawingu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako bongo waliozaliwa kizuizini hufunzwa upya kujitafutia chakula na kujificha. Februari 2025 wakaletwa wengine 17 kutoka Florida.

Tunagharimia ndege kuvuka bahari ili kurudisha kile tulichokuwa nacho bure. Hilo peke yake lingetosha kutufundisha kwamba kulinda ni rahisi kuliko kufufua.

Kazi ya wapangaji

Mtu wa Kibera ana haki ya kuuliza: bongo akiwepo au asiwepo, mtungi wangu unahusikaje? Swali hili ni la haki, na jibu lake liko katika namna msitu unavyofanya kazi.

Mvua ikinyesha juu ya msitu mzima, haifiki ardhini kwa kishindo. Hupokewa na matawi, ikashuka kwenye kuvumwani na majani, ikatua juu ya tabaka la majani makavu yaliyooza, na humo ikazama polepole. Ukungu nao hunaswa na matawi ukawa matone. Maji yaliyozama hutoka miezi baadaye kwenye chemchemi, na ndiyo yanayoufanya mto wa Thika uendelee kutiririka hata wakati wa kiangazi cha Januari na Februari. Mvua hiyohiyo ikinyesha kwenye mteremko uliofyekwa, hukimbia siku moja, ikabeba udongo wa shamba na kuutupa bwawani. Mji unapata hasara mara mbili: maji yaliyopaswa kuja Februari yamepita Aprili iliyotangulia, na nafasi yao bwawani imechukuliwa na matope.

Msitu wa namna hiyo haujipandi wenyewe. Shorobo, ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu, hula matunda ya mti mmoja na kuangusha mbegu mbali nao. Ndovu hubeba mbegu kubwa ambazo hakuna ndege awezaye kuzimeza, na njia anazofungua kwenye mianzi hupitiwa na wanyama wengine na huingiza mwanga unaoamsha miche. Kima na mbega hupogoa matawi kwa kula. Chui huwazuia walao majani wasizidi kiasi. Ondoa mmoja, msitu bado utasimama. Ondoa wanne au watano, baada ya kizazi utabaki na miti mizee isiyo na watoto. Kwa hiyo wingi wa aina za viumbe ndio mtambo wenyewe unaochuja na kupima maji ya mtungi.

Shoka, tanuri na jembe

Mlima huu umeumizwa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni shoka. Muthaiti hutoa mbao nzuri, na kwa miaka mingi ilikatwa kwa wizi, mti mmoja mmoja, usiku. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege juu ya Nyandarua, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2003, ulionyesha visiki vya miti ya asili na matanuri ya makaa kwa maelfu, mengine katikati ya msitu ambako mtu wa barabarani hawezi kuyaona.

Ya pili ni tanuri lenyewe. Makaa hayachomwi kwa sababu mchomaji anauchukia msitu. Huchomwa kwa sababu yuko mnunuzi, na mnunuzi huyo ni mji. Kwa familia ya mabati yenye chumba kimoja, makaa ya kopo moja la kasuku yanayonunuliwa kwa siku ndiyo moto unaowezekana. Mtungi wa gesi ni nafuu ukiutumia mwezi mzima, lakini unadai pesa zote siku moja. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya kijamii mwezi Februari 2018, bei ya makaa ilipanda mitaani, na aliyebeba uzito wa marufuku hiyo hakuwa mwenye lori. Alikuwa mama aliyepika githeri kwa kuuza.

Ya tatu ni jembe, na hili ndilo lililosahaulika. Uwanda wa Kinangop, chini ya mlima upande wa magharibi, ulikuwa nyasi ndefu za mafungumafungu. Ndani ya nyasi hizo huishi ndege mwenye kifua cha manjano na kucha ndefu, Macronyx sharpei kwa jina la kisayansi, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Kenya. Yeye hajui kuishi kwenye shamba lililolimwa, akabaki katika vipande vya nyasi vinavyopungua kila msimu. Sehemu kubwa ya uwanda huo ni ardhi ya watu binafsi, si hifadhi, na mkulima anayelima anatafuta karo kama mzazi mwingine yeyote. Analima nini? Viazi, kabichi, karoti. Vinaenda wapi? Fuata lori usiku na utafika kwenye masoko ya Nairobi, na asubuhi utavikuta viazi hivyo kwenye karai la mafuta moto kando ya njia ya Kibera, vikiuzwa kama chipsi na bhajia.

Sisemi hili ili mtu aone aibu kula chipsi. Nalisema kwa sababu linabadilisha ramani. Makaa ya jikoni, viazi vya karai na maji ya mtungi vyote vinatoka mlima mmoja. Kibera na Kawangware haziko mbali na Nyandarua. Ziko ndani ya uchumi wake kila siku.

Ua wa umeme na mipaka yake

Jibu kubwa lililotolewa kwa madhara haya ni ua. Shirika la Rhino Ark, lililoanzishwa mwaka 1988, lilianza mwaka uliofuata kujenga ua wa umeme pamoja na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Nia ya kwanza ilikuwa kuwalinda vifaru weusi dhidi ya majangili na kuwazuia ndovu wasivamie mashamba. Kazi ilichukua miaka 20. Ua ulipokamilika mwaka 2009, ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 400 na ulizunguka mlima wote, hifadhi ya taifa pamoja na misitu inayoizunguka.

Faida yake ni ya kweli. Mkulima wa Nyeri au Murang'a ambaye zamani alikesha akipiga madebe kuwafukuza ndovu, sasa analala. Ukataji miti umekuwa mgumu zaidi, maana lori haliwezi kuingia popote linapotaka. Anayeubeza ua hajawahi kupoteza ekari ya mahindi kwa usiku mmoja.

Hata hivyo ua hukata pande mbili. Ndovu waliokuwa wakisafiri kati ya Nyandarua na Mlima Kenya sasa wamefungiwa, na kundi lililofungiwa hugeuka kisiwa: likipata ugonjwa au ukame halina pa kwenda, na wanyama wachache wakizaana wao kwa wao damu hudhoofika. Upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, njia ya ndovu ilitengenezwa kuelekea hifadhi ya Lewa, na mwaka 2011 ikafunguliwa njia ya kupita chini ya barabara kuu, nao ndovu wakaitumia. Kati ya Mlima Kenya na Nyandarua hakuna njia ya namna hiyo, na mashamba na miji vimejaa.

Tena ua humzuia mtu mwenye shoka, haumzuii mtu mwenye kalamu. Mfano ulio karibu ni mpango wa barabara ya lami kutoka Ihithe, upande wa Nyeri, hadi Ndunyu Njeru, upande wa Nyandarua, kwa kupita katikati ya hifadhi. Wenyeji wa pande zote mbili wana hoja ya haki: safari yao ni ndefu na mazao yanaoza. Lakini barabara kubwa katikati ya mianzi ingekata makao ya bongo na kufungua mlango kwa moto, wakataji na wawindaji. Mwaka 2024 mpango huo ulipata kibali cha mazingira, watetezi wa msitu wakapinga, na suala likafika mahakamani. Katika mabishano hayo walisikika wakulima, wanasiasa, wahifadhi na wahandisi. Wanywaji wa maji ya mlima huo walioko chini ya mkondo hawakuhesabiwa kama upande wenye hoja.

Msitu ulioacha jina

Kuna sababu nyingine inayoifanya Kibera kuwa sehemu ya habari hii, nayo imo ndani ya jina lake. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari Wanubi waliotoka Sudan na kutumikia jeshi la mfalme wa Uingereza walipewa pa kukaa kusini-magharibi mwa Nairobi. Mahali hapo walipaita Kibra, yaani msitu. Wazee wa Kinubi bado hulitamka hivyo, na baada ya zaidi ya miaka 100, mwezi Juni 2017, jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Msitu uliowapa jina haumo tena ndani ya mtaa. Umebaki mpakani.

Kipande kilichobaki ni Msitu wa Ngong Road, uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Tangu siku hizo umemegwa kwa ajili ya taasisi, uwanja wa mbio za farasi, makazi na barabara, ikiwemo Southern Bypass iliyopita katikati yake, na leo ukubwa wake haufiki nusu ya ule wa mwanzo. Pamoja na hayo, bado una kima, pongo, paa wadogo, nungunungu na fisi, na angani huonekana tai mkubwa mwenye kishungi, mwindaji wa kima. Miti ya muhugu, ambayo wachonga vinyago huipenda kwa ugumu na rangi yake, bado imesimama humo. Ukitembea kutoka msituni kuelekea mabati ya kwanza ya Kibera, hutumii hata nusu saa kutoka dunia ya tai hadi dunia ya nyaya za umeme zilizofumana juu ya vichochoro.

Kinachounganisha dunia hizo mbili ni mto. Motoine huanzia sehemu za Dagoretti na Karen, hupita Msitu wa Ngong Road, hugusa Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Wazee wanakumbuka mashua za matanga zikishindana juu ya maji hayo. Sasa bwawa limefunikwa na gugumaji na kujaa udongo na taka. Kijiji cha Kibera kilicho ukingoni mwake huitwa Silanga, neno ambalo bara hutumika kwa maana ya bwawa. Jina limebaki, maji yamejificha.

Kawangware ina mto wake pia. Mto Nairobi hutoka kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ambako mimea imeelea juu ya maji hata ukikanyaga ardhi hutikisika. Hushuka kupitia Dagoretti, hupita Kawangware, kisha Chiromo na katikati ya jiji. Nimesimama kwenye daraja dogo la Kawangware asubuhi moja baada ya mvua na kumwona fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, amesimama kwenye jiwe katikati ya maji meusi. Alitumbukiza mdomo, akatoa kipande cha karatasi ya nailoni, akakitupa, akatumbukiza tena. Mara ya nne akapata chura. Kwa hiyo mto bado una chura, na penye chura bado pana kitu cha kuokoa.

Mito yote miwili huishia Athi, na Athi ikiteremka huitwa Galana, kisha Sabaki, ikaingia baharini karibu na Malindi. Tunachokitupa kwenye kijito cha Silanga hufika kwa mvuvi wa Pwani.

Karura inatufundisha nini

Watu wakiona hali ya Bwawa la Nairobi, huamua kwamba msitu na mto haviwezi kuishi ndani ya jiji. Msitu wa Karura, ulio ndani ya jiji hilihili, unakanusha hilo. Miaka ya 1990 msitu huo uligawiwa wajenzi kwa siri. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement mwaka 1977, alikwenda na wenzake kupanda miti, na Januari 1999 walipigwa na watu waliotumwa. Aliumia kichwani, lakini ugawaji ulikwama. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Baadaye wananchi na Shirika la Huduma za Misitu wakashirikiana, ua ukawekwa, na vijana wa kijiji duni cha Huruma kilicho kando ya msitu wakafunzwa kuwa walinzi. Kisha mbega, waliokuwa wametoweka Karura, wakaletwa kutoka sehemu za Kipipiri, kwenye safu ya Nyandarua, ambako walikuwa wakigombana na wakulima. Leo wanaruka juu ya vichwa vya watu wanaokimbia mazoezi, umbali mfupi kutoka katikati ya jiji.

Ndiyo kusema mlima na jiji vimekwisha kuunganishwa kwa mnyama, na jambo likafaulu. Lakini tuseme ukweli wote: Karura imezungukwa na Muthaiga, Runda na Gigiri, mitaa yenye mawakili, mabalozi na fedha. Msitu wa Ngong Road, ambao jirani yake ni Kibera, haujapata sauti kama hiyo. Tofauti haiko kwenye mapenzi ya watu kwa miti. Iko kwenye nani anasikilizwa.

Hoja tatu za kujibiwa

Ya kwanza husema: watu kwanza, wanyama baadaye. Mtu asiye na choo hawezi kuhangaikia bongo. Nakubali nusu yake. Choo ni haki, na ni uhifadhi pia, maana mto wa Kibera hautakuwa hai hadi kila nyumba iwe na mahali pa kupeleka maji machafu. Lakini kugawanya watu na wanyama ni kosa la hesabu. Mtungi wa shilingi 10 ni sawa na shilingi 500 kwa mita moja ya ujazo, na mtungi wa shilingi 50 ni sawa na shilingi 2,500. Mwenye mfereji nyumbani hulipa sehemu ndogo tu ya hiyo. Msitu ukipungua, anayelipa ni huyuhuyu tunayemtetea.

Ya pili husema: watu wa mabondeni ndio wanaochafua, waondolewe. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei kuua watu wengi nchini, nyumba zilizokuwa kandokando ya mito zilibomolewa, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000. Ni kweli ukingo wa mto si mahali salama pa kulala. Ni kweli pia kwamba aliyejenga hapo hakuwa na pengine, na aliyehamishwa bila pa kwenda hujenga kwenye ukingo mwingine. Huko Mau, Waogiek, wenyeji wa msitu huo, walifukuzwa kwa jina la uhifadhi, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Uhifadhi unaoanza kwa tingatinga huzaa maadui wa msitu.

Ya tatu husema: tuongeze mabwawa na mahandaki. Handaki la Northern Collector, la karibu kilomita 12, limechimbwa ili kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Lakini handaki halitengenezi maji. Linabeba yale ambayo msitu umetoa. Msitu ukikoma kutoa, tutakuwa na bomba zuri la kubebea matope.

Njia zilizokwisha jaribiwa

Wenzetu wamepita hapa. New York ilikubaliana mwaka 1997 na wenyeji wa milima ya Catskill kulinda chanzo cha maji badala ya kujenga mtambo wa kuchuja wenye gharama kubwa zaidi. Karibu zaidi, milima ya Uluguru, makao ya ndege wasiopatikana kwingine duniani, ndiyo hulisha mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Huko, kuanzia miaka ya 2000, wakulima wa mlimani walianza kulipwa na watumiaji wa maji kwa kutengeneza matuta na kupanda miti. Kwa upande wa pili, Goma inatuonya. Majiko ya mji huo yametegemea makala, kama wanavyoyaita makaa huko Kongo, yanayotoka ndani ya hifadhi ya Virunga, na mwaka 2007 sokwe wa mlimani waliuawa katika mazingira yaliyohusishwa na biashara hiyo. Mji usiopata moto mbadala hula mlima wake.

Kenya nayo haijaanza sifuri. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, hukusanya fedha kwa watumiaji wakubwa wa maji na kuwasaidia wakulima wa Murang'a na jirani zake kuchimba matuta, kupanda nyasi za mabingobingo kwenye kingo na kuvuna maji ya mvua. Matope hupungua bwawani na ng'ombe wa mkulima hupata majani. Sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyofuata, iliruhusu wenyeji wanaopakana na misitu kuunda vyama na kushiriki usimamizi. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka nchi ihakikishe angalau asilimia 10 ya ardhi yake ina miti.

Linalokosekana ni daraja kati ya mifumo hii na mitaa. "Jirani wa msitu" kisheria ni yule anayeuona. Napendekeza tuongeze yule anayeunywa. Vyama vya wauza maji na vikundi vya vijana vya Kibera na Kawangware vipewe viti kwenye mifuko ya maji na mikutano ya misitu, na bei ya maji vioskini iwe sehemu ya ajenda hiyo. Fedha za kusafisha mito, ambazo serikali imezitangaza kwa mabilioni tangu 2025, zianze na mifereji ya maji taka ya mitaani kabla ya bustani za kutembelea. Kandokando ya kijito cha Kibera, shirika la Kounkuey Design Initiative pamoja na wakazi wamekwisha kuonyesha kwamba jalala linaweza kugeuzwa uwanja wa watoto, choo na mahali pa kufulia, na watu wakapalinda kwa sababu ni pao. Gesi iuzwe kwa kipimo cha kasuku, kidogo kidogo, ili jiko liweze kuacha makaa. Na mkulima wa Kinangop anayeacha ekari moja ya nyasi kwa ajili ya ndege wake alipwe kwa ekari hiyo kama anavyolipwa kwa viazi.

Maji hufuata mkondo, na mkondo huu una ncha mbili. Ncha moja inashikwa na bongo aliyejificha kwenye mianzi, mnyama ambaye wengi wetu hatutamwona maishani. Nyingine inashikwa na kijana wa mkokoteni wa Kawangware ambaye kesho saa kumi na moja alfajiri atasimama kwenye foleni ya mfereji. Mwezi wa Februari, maji yatakayojaza mtungi wake ni yale yaliyozama kwenye majani makavu ya Nyandarua miezi mingi kabla. Yeye ndiye mhusika wa mwisho wa msitu ule, na ni haki awe miongoni mwa wa kwanza kuulizwa.